Msituambie Kitenge Kinatosha

Kauli yenyewe ni fupi: fundi mwenye mkono hahitaji kitambaa cha chini. Utaisikia kwenye vibaraza vya mafundi cherehani Kilosa mjini, utaisikia Kimamba, utaisikia Mikumi kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, na wateja nao wameizoea mpaka wanairudia kama yao. Mtu ameleta mkoba wa pamba apachikiwe tembo aliyekatwa kwenye kitenge. Mwingine ameleta blauzi za kwaya zitiwe msalaba kifuani. Fundi anakata umbo, analishikiza kwa pini, anaanza kulizungushia zigizaga ukingoni. Chini ya nguo, pale sindano inapotokea, hakuna kitu.

Kwa asiyeshona, ninachokiita kitambaa cha chini ni chochote kinachowekwa nyuma ya nguo ili isiyumbe wala isivutwe wakati pambo linapachikwa. Inaweza kuwa gamu, yaani kile kitambaa kigumu chenye gundi ya kuyeyushwa kwa pasi ambacho hutiwa ndani ya kola. Inaweza kuwa kipande cha merikani, au karatasi inayochanwa kazi ikiisha. Hata kanji iliyopigwa kwenye nguo yenyewe ikakakamaa hufanya kazi hiyohiyo.

Nitaieleza hoja yao kama wanavyoieleza wenyewe. Wanasema kitenge kipya na kanga mpya vina ugumu wa kiwandani, kwa hiyo kuongeza kitu ni kurudia kilichokwisha fanywa. Wanasema kazi ya kuzuia nguo isivute ni ya mkono wa fundi na macho yake. Wanasema gamu ni mambo ya kisasa, ya cherehani za kompyuta. Wanasema inafanya nguo iwe ngumu na ya joto katika wilaya yenye joto kama yetu, na kwamba ile ya bei nafuu inatoa malengelenge ikishafuliwa. Wanasema pakihitajika kitu, karatasi au kipande cha mfuko kinatosha, na mikunjo ikitokea pasi ipo. Juu ya yote wanasema mteja hana fedha ya kulipia kitu kisichoonekana.

Baadhi ya maneno haya ni kweli, kila moja kwa nafasi yake. Yakiunganishwa kuwa kanuni ya kazi, yanaharibu nguo za watu, na gharama yake wanaibeba watu wasiokuwepo kibarazani wakati kanuni inatungwa. Nitayajibu moja baada ya jingine, lakini kwanza tuone sindano inafanya nini.

Matundu 1,500

Mabishano haya yangekuwa mafupi kama watu wangehesabu matundu. Mshono wa kawaida wa kuunganishia nguo una nafasi ya milimita 2.5 hivi kati ya tundu na tundu, sawa na matundu manne kwa kila sentimita. Zigizaga ya kufunika ukingo wa pambo hubanwa mpaka nyuzi zilale bega kwa bega, na nafasi hiyo inashuka hadi milimita 0.4 au pungufu. Hapo tunazungumzia matundu 25 kwa sentimita moja. Tembo wa ukubwa wa kiganja, mwenye mkonga, sikio na miguu minne, anaweza kuwa na ukingo wa sentimita 60. Kwa mshono wa kawaida angechomwa mara 240. Kwa zigizaga ya kubana anachomwa mara 1,500.

Kila mchomo unaacha uzi uliokazwa. Upana wa zigizaga ukiwa milimita 3, kila hatua ya sindano inalaza uzi wa milimita 3 hivi kukatisha ukingo, kwa hiyo juu ya sentimita moja ya ukingo unalala uzi wa sentimita 7 na zaidi, bila kuhesabu ule wa bobini. Uzi huo umevutwa kwa juu na umevutwa kwa chini. Ukishatoka kwenye cherehani unataka kurudi kwenye urefu wake, na uzi wa polista tunaoutumia sisi sote una mnyumbuko wa kutosha kufanya hivyo. Kinachoweza kuukatalia ni kitambaa peke yake. Kitambaa kikiwa chepesi kinashindwa: kingo mbili za mshono zinasogeleana, katikati panainuka tuta, na nguo inayolizunguka pambo inasinyaa kama mdomo uliolamba ndimu.

Kitambaa cha chini kinauongezea upande wa nguo nguvu mpaka uweze kuupinga mvuto wa uzi. Mambo yote mengine ninayoyasema yanatokana na hilo. Asiyeamini achukue kipande cha popilini, achore kwa penseli mstari wa sentimita 10, aufuate kwa zigizaga ya kubana, kisha aupime tena kwa rula. Arudie kwenye kipande cha pili kilichobandikwa gamu kwa nyuma, uzi uleule, cherehani ileile. Avilaze vipande vyote viwili mezani bila kuvipiga pasi na aite mteja yeyote achague.

Dai la kwanza: kitenge kina ugumu wake

Kinao, dukani. Ugumu huo kwa sehemu kubwa ni wanga na dawa za kumalizia zinazopitishwa kwenye kitambaa kiwandani baada ya kuchapwa rangi, ili kiwe na uzito mkononi na kikunjike vizuri. Maji yanauondoa. Kitenge cha bei nafuu mara nyingi ndicho kigumu kuliko vyote kikiwa rafuni, na ndicho kinacholegea kuliko vyote kikishafuliwa, kwa sababu wanga ulikuwa umejaza nafasi kati ya nyuzi zilizofumwa mbalimbali.

Tazama sasa mgongano uliomo ndani ya dai lenyewe. Fundi huyohuyo anayesema ugumu wa kitenge unatosha ndiye anayemwambia mteja, "Mama, kakiloweke kwanza usiku mmoja, kisije kikarudi baada ya kushona." Ushauri huo ni sahihi kabisa, maana pamba hurudi. Lakini kitenge kilicholowekwa kimeacha ugumu wake kwenye beseni. Mteja asipokiloweka, ugumu unabaki mpaka siku ya kwanza ya kufua, kisha unaondoka wakati pambo limekwisha kushonwa, na kitenge kinarudi ndani ya ukingo wa zigizaga usiorudi kwa kiasi hichohicho. Njia zote mbili zinafika palepale.

Kuna jambo zito zaidi. Ugumu wa kitenge uko juu, kwenye pambo. Nguo inayovutwa iko chini. Fulana haipati nguvu yoyote kwa sababu tembo aliye juu yake ni mgumu. Na fulana ndiyo inayoumia kuliko nguo zote, kwa sababu imefumwa kwa vitanzi na inavutika kila upande. Meno ya cherehani yanainyoosha inapopita, inashonwa ikiwa imenyooka, ikitoka inarudi na kulikunja pambo. Pambo la kitenge kwenye fulana linataka kitambaa cha chini kinachobaki humo maisha yote ya nguo, kikipunguzwa tu kwa mkasi kufuata umbo. Karatasi ikichanwa, fulana inaachwa peke yake na matundu 1,500. Fulana nyingi zenye wanyama ambazo mgeni anaziona barabarani Mikumi, akazigusa na kuzirudisha, zimekataliwa kwa kosa hili. Mgeni hajui kushona, lakini anajua kuona kitu kilichojikunja.

Dai la pili: mkono wa fundi

Hili linatetewa kwa sauti kuliko yote kwa sababu linagusa heshima. Mkono mzuri unaweza kuizungusha nguo kwenye ncha ya mkonga bila kuruka hata hatua moja. Hauwezi kushikilia ukingo usivutwe baada ya nguo kutoka chini ya kiatu cha cherehani. Mkono unaachia, uzi hauachii. Fundi anayejaribu kufidia kwa kuivuta nguo kwa nguvu mbele na nyuma anaipinda sindano mpaka igonge sahani na kukatika, na hata isipokatika, nguo aliyoivuta itarudi akishaiachia.

Waliosifika kwa mkono walikuwa wa kwanza kukataa kushona hewani. Mabingwa wa kudarizi kwa cherehani ya kukanyaga ya mshono ulionyooka, Singer au Butterfly, walitoa kiatu cha cherehani, wakayashusha au kuyafunika meno, wakaikaza nguo kwenye fremu ya duara mpaka ikigongwa kwa kidole inatoa sauti, ndipo wakaanza kuisogeza fremu kushoto na kulia na kujaza uzi. Fremu hiyo ni kitegemeo cha kitambaa. Huko pwani, shingo ya kanzu ina kaba, kipande kinachoshonwa kwa ndani kuipa nguvu sehemu inayobeba kazi ya uzi. Kofia za viua zinashonwa kwenye tabaka zaidi ya moja, na hutiwa kanji zikishafuliwa ili zisimame. Hakuna anayemwambia mshona kofia wa Lamu au Zanzibar kwamba tabaka la pili ni dalili ya mkono dhaifu.

Tena si lazima twende pwani. Fundi huyohuyo wa Kilosa hakati kola ya shati bila gamu. Ukimwambia aiache, atakuona hujui kazi. Ukingo wa kola una mstari mmoja au miwili ya mshono wa kawaida, matundu manne kwa sentimita. Pambo lina 25. Anayekubali kwamba kola inahitaji kushikwa hana sababu yoyote ya kiufundi ya kulinyima pambo, na sijapata kumsikia fundi akiitaja.

Dai la tatu: hayo ni mambo ya kisasa

Gamu isiyofumwa, ile inayofanana na karatasi laini, kweli ni ya karne iliyopita. Kampuni ya Freudenberg ya Weinheim, Ujerumani, iliingiza yake sokoni mwaka 1948 kwa jina la Vlieseline. Lakini kilichobadilika mwaka huo ni malighafi. Kabla yake washonaji wa dunia nzima walitumia pamba juu ya pamba, na pamba hiyo ilipita hapahapa. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda bara kwa kufuata bonde la Mkondoa ilibeba majora ya merikani ya kununulia chakula na kulipia hongo njiani; Stanley alipita nayo mwaka 1871. Merikani iliyofuliwa na kupigwa pasi, ikakatwa ili uzi wake wa urefu ulale sambamba na uzi wa urefu wa nguo, bado ni kitambaa cha chini kizuri kuliko gamu nyingi zinazouzwa leo. Haina gundi ya kubanduka, haiungui kirahisi, inarudi na kunyumbuka pamoja na kitenge kwa sababu vyote ni pamba. Wilaya hii ina Ilonga, kituo cha utafiti wa kilimo ambacho herufi zake zimo kwenye majina ya mbegu za pamba za ukanda wa mashariki, IL74 na IL85. Hatuna sababu ya kuiogopa pamba kama kitu kigeni.

Kanji nayo ni ya bibi zetu. Unga wa muhogo unakorogwa kwa maji baridi, unamiminwa kwenye maji yanayochemka huku unakorogwa mpaka ung'ae, unachujwa kwa kitambaa chembamba. Nguo inachovywa sehemu ya pambo tu, inaanikwa, inapigwa pasi ikiwa bado na unyevu kidogo. Inatoka imekakamaa kiasi cha kusimama yenyewe mezani. Zigizaga inapita juu yake bila tuta kubwa, kisha nguo ikifuliwa kanji inaondoka. Ina mipaka yake: haifai kwenye fulana, haipendi msimu wa mvua ambao nguo haikauki, na nguo iliyotiwa kanji ikiwekwa kabatini bila kufuliwa inaita mende. Kwa popilini, bafta na vitambaa vya meza inatosha. Anayesema hana njia ya kupata kitambaa cha chini anatakiwa kwanza aseme kwamba hana unga wa muhogo.

Dai la nne: joto, ugumu na malengelenge

Malengelenge ni malalamiko ya haki. Nimeziona nguo ambazo gamu imebanduka kwa madoa madoa, kifua kizima kikawa na uvimbe. Lakini ukiuliza ilibandikwaje, jibu ni lilelile: pasi iliburutwa juu yake kama inavyoburutwa kwenye shati. Gundi ya gamu ni plastiki inayoyeyuka na kushika ikipoa. Pasi huwekwa, hubanwa kwa sekunde 10 hadi 15, huinuliwa, huwekwa pembeni yake. Ikiburutwa, gundi inasogea kabla ya kushika. Nguo ikiinuliwa ingali moto, gundi inaachia. Na kama nguo haikufuliwa kwanza, itarudi chini ya gamu isiyorudi, na hapo uvimbe utatokea hata kama pasi ilibanwa vizuri.

Pasi ya mkaa inaongeza ugumu wa kazi, nakubali, kwa sababu haina kitufe cha kupimia moto. Dawa yake ni kipande cha majaribio na kitambaa chepesi chenye unyevu kati ya pasi na gamu. Kazi ya dakika mbili. Fundi anayeruka dakika hizo kisha akailaumu gamu anaulaumu utaratibu ambao hakuufuata.

Kuhusu joto na ugumu, dai linachukulia kwamba nguo nzima itajazwa gamu. Hakuna anayedai hivyo. Kitambaa cha chini kinakatwa kikubwa kuliko pambo kwa vidole viwili kila upande, na kazi ikiisha kinapunguzwa kwa mkasi mpaka karibu na mshono. Kinachobaki ni eneo la pambo lenyewe, ambalo tayari lina tabaka mbili na ukingo wa uzi mzito. Anayetaka hata hilo lipungue akate pia katikati, aache utepe mwembamba chini ya zigizaga. Mtu anayevaa blauzi ya kwaya yenye mikono mirefu, kola na bitana hawezi kuambiwa kwamba joto linamjia kutoka nyuma ya msalaba wa vidole vinne.

Dai la tano: karatasi na mfuko vinatosha

Kwenye pamba iliyofumwa vizuri, isiyovutika, karatasi nyepesi inasaidia kweli, na ni bora mara nyingi kuliko kuacha patupu. Tatizo ni karatasi yenyewe inayotumiwa. Gazeti linaacha wino kwenye kitambaa cheupe, na wino huo mteja atauona kwa ndani akigeuza nguo. Karatasi ya mfuko wa simenti ni nene, inabutua sindano na ina vumbi linaloingia kwenye bobini. Na karatasi yoyote, ikishachomwa matundu 25 kwa sentimita, inakuwa imekatika kabla hujamaliza kuzunguka. Nusu ya pili ya pambo inashonwa bila kitu.

Mfuko ndio unaonitia hofu. Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, nyumba zetu zimejaa ile mifuko mbadala isiyofumwa, na mafundi wakagundua kwamba kwa macho inafanana sana na gamu. Ni kweli imetengenezwa kwa namna inayokaribiana. Lakini nyingi ni za poliproplini, na poliproplini inayeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi, wakati pasi ya kunyooshea pamba hufika karibu 200. Fundi anaiweka chini, anashona, pambo linatoka zuri, anampa mteja. Wiki moja baadaye mteja anaipiga pasi nguo yake ya kitenge kama anavyozipiga nyingine zote. Mfuko unayeyuka nyuma ya pambo, unapenya kwenye nyuzi, unagandia sahani ya pasi, na nguo haina tiba. Mteja anafikiri ameiunguza yeye. Hakuna aliyemwambia kwamba kifuani pake palishonewa kitu kisichovumilia pasi.

Dai la sita: pasi itanyoosha

Itanyoosha kwa siku moja. Pasi inalaza kitambaa, haiurefushi uzi uliofungwa ndani yake. Nguo ikilowa mara moja, mikunjo inarudi mahali ilipokuwa, na fundi aliyeipiga pasi kabla ya kuikabidhi ameiahirisha aibu mpaka nyumbani kwa mteja.

Dai la saba: mteja hana fedha

Nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo linalobeba mengine yote. Mengi ya hayo sita yanasemwa ili kulipamba hili.

Tuanze na hesabu ya wazi. Gamu yenye upana wa sentimita 90, mita moja, inatoa vipande 20 vya sentimita 20 kwa 20, na kila kipande kinamtosha tembo wa kiganja. Kwa hiyo pambo moja linabeba sehemu moja ya ishirini ya bei ya mita. Hata hiyo fundi mwangalifu haifikii, kwa sababu vipande vinavyobaki baada ya kukata kola na mikanda ya suruali vinafagiwa kila jioni na kuchomwa. Kuna mapambo mengi ya bure ndani ya taka za kibanda kimoja cha fundi.

Upande wa pili wa hesabu hauandikwi popote. Pambo likisinyaa na mteja akalikataa, mtu anakaa chini na wembe kufumua sentimita 60 za zigizaga. Anakata nyuzi upande wa bobini, anavuta za juu, anafuta vumbi la uzi. Ukingo wa kitenge unatoka umechakaa na hautashoneka tena pale pale. Nguo yenyewe imebaki na mstari wa matundu yaliyokaribiana, na kwenye popilini nyembamba mstari huo ndipo nguo itakapochanikia siku moja. Uzi umepotea, umeme wa LUKU umekwenda, na muda wa gauni zima la mteja mwingine umeliwa. Hakuna daftari la fundi nililoliona lenye safu ya kazi zilizofumuliwa. Kwa sababu haimo daftarini, inahesabika kama haipo, na gamu ya sehemu moja ya ishirini ndiyo inayoitwa ghali.

Mara nyingi mteja hakatai. Anapokea, anashukuru, anakwenda kufua. Na nguo zetu hazifuliwi kwa upole: zinasuguliwa kwa sabuni ya mche, zinakamuliwa kwa kusokotwa, zinaanikwa kwenye jua la saa sita. Nembo ya shule iliyopachikwa bila kitu nyuma inapitishwa kwenye adhabu hiyo kila wiki, kwa mtoto mwenye sare moja labda zaidi. Inaanza kujikunja pembe, kisha ukingo unaachia, kisha mama anaikamata kwa sindano ya mkono usiku akiwa amechoka, na mwisho ananunua nyingine. Fundi alipunguza gharama yake ndogo kwa kuihamishia kwa mama huyo, ikiwa kubwa mara nyingi. Huo ndio unafuu unaotetewa.

Vikundi vinaumia kwa pamoja. Kwaya ya watu 30 ikipokea blauzi 30 zenye msalaba uliopinda, haipati tena fedha ya vitambaa. Inazivaa kwa sababu sikukuu imefika. Mwaka unaofuata kamati inasema kazi ipelekwe Morogoro mjini, na Morogoro si mbali tena. Treni ya SGR iliyozinduliwa rasmi Agosti 1, 2024, kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, ina stesheni hapa Kilosa. Reli hiyohiyo ingeweza kumletea fundi wetu gamu nzuri kutoka Kariakoo, na kwa sasa inambebea mteja kwenda kwa fundi mwingine.

Na hapa ndipo dai la mteja asiye na fedha linapovunjika. Linadai kuripoti uamuzi wa mteja ambao mteja hakuwahi kuufanya. Fundi anataja bei moja ya pambo. Hasemi kuna namna mbili za kulishona, hasemi tofauti ya bei ni kiasi gani, hasemi moja itadumu na nyingine itasinyaa. Kisha anasema wateja wa Kilosa hawalipii kitambaa cha chini. Hawajawahi kukikataa. Hawajawahi kutajiwa.

Ninachokidai ni kidogo na kinaweza kuanza kesho asubuhi. Kila fundi anayepachika mapambo atundike kibandani vipande viwili vya popilini, umbo lilelile, uzi uleule, kimoja chenye kitambaa cha chini na kimoja bila, vyote vimefuliwa mara kadhaa na kuanikwa. Mteja akifika, amwonyeshe na kumtajia bei zote mbili: "Mama, hili ni kiasi hiki, na hili lenye kitambaa cha chini ni kiasi hiki. Lile la kwanza likisinyaa sitalifumua bure." Kisha amwache mama avishike vyote viwili kwa mkono wake na kuchagua.